Kura ya Aliye Mbali

Usiku wa kuamkia uchaguzi nilimpigia mama simu na kumwelekeza mtu wa kumpigia kura. Sikumwomba. Nilimwelekeza, kama unavyomwelekeza fundi mahali pa kupigilia msumari. Nilikuwa nimefuatilia kampeni kwa miezi sita kwenye simu, nimesikiliza mikutano ya hadhara hadi usiku wa manane, nimesoma ilani za vyama viwili mwanzo hadi mwisho, na nilijiona naijua nchi yangu kuliko nilivyoijua nilipokuwa naishi humo.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Umemaliza, mwanangu?" Nikasema nimemaliza.

"Huyo unayemsifu," akasema, "ndiye aliyetuahidi maji miaka mitano iliyopita. Tangu hapo naamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya bomba. Wewe umezisikia hotuba zake. Mimi nimelisikia bomba lake likikoroma."

Sikuwa na jibu, nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka linanichoma: nikamkumbusha nani anayemnunulia dawa za shinikizo la damu. Sikulitamka waziwazi. Nilisema tu, "Lakini mama, unajua mimi nawatakia mema. Si ndiyo maana nahangaika kila mwezi?" Akanyamaza. Muda ukapita, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Nimekusikia," akanitakia usiku mwema. Sikuwahi kumuuliza alimchagua nani, na sitamuuliza.

Huu ni mwaka wangu wa 19 ughaibuni. Katika muda huo nimewahi kuamini kwa moyo wote kwamba sisi tulioondoka tuna haki kubwa ya kuamua mambo ya nyumbani kwa sababu pesa zetu ndizo zinazosomesha watoto na kuezeka nyumba. Nimewahi pia kuamini, kwa moyo huohuo, kwamba aliyeondoka afunge mdomo. Imani zote mbili zilivunjika mikononi mwangu.

Ile ya kwanza ilivunjwa na zahanati.

Tulikuwa watu 40 na ushei, wote wa kata moja, tumetawanyika nchi nne. Tukaunda umoja, tukachagua mwenyekiti na mweka hazina, tukachanga kwa miaka minne. Kila mwenzetu alikuwa na kisa cha mama au dada aliyepoteza mtoto wakati wa kujifungua, kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu nini kijengwe: zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Tulichora ramani, tukatafuta fundi, tukawa tunatumiwa picha za msingi, za renta, za bati. Siku ilipopauliwa baadhi yetu tulilia kwenye simu.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kutoka kijijini zaidi ya wiki mbili, alinitumia ujumbe mapema kabisa, kabla hata ya msingi kuchimbwa. Ninao mpaka leo. "Dada, hospitali tunayo ng'ambo ya mto, na wauguzi wapo. Kinachotuua ni mto. Kama mna uwezo, tujengeeni kivuko cha miguu." Niliufikisha ujumbe kwenye kikao. Tukaujadili kwa dakika kama tano. Mmoja akasema daraja ni kazi ya serikali. Mwingine akasema watu wa nyumbani wamezoea kuwaza vitu vidogo. Mimi sikumtetea mdogo wangu. Na niseme ukweli wote: kivuko cha miguu hakina ukuta wa kubandika kibao chenye majina yetu, na jambo hilo lilikuwa vichwani mwetu ingawa hakuna aliyelitaja.

Nilirudi kwa likizo miezi 14 baada ya ujenzi kukamilika. Mlango ulikuwa na kufuli, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa shambani, tukamsubiri. Ndani kulikuwa na vitanda sita, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Mezani kulikuwa na mzani wa watoto wachanga, ule wa sahani, umefunikwa kwa kitambaa safi. Nilikifunua. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Niliubonyeza kwa kidole ukapanda, nikauachia ukarudi mahali pake. Hakuna mtoto aliyewahi kulazwa pale. Kumbe zahanati haiwi zahanati kwa kuta. Inahitaji muuguzi wa kuajiriwa, bajeti ya dawa ya kila mwaka, na jina kwenye orodha ya serikali, na serikali haikuwa na habari nasi kwa kuwa hatukuwahi kuizungumzisha. Tulidhani tukijenga watakuja wenyewe.

Siku ya nne ya likizo hiyo niliona wanaume wanne wakimvusha mwanamke mjamzito mtoni, wamembeba juu ya mlango wa mbao uliong'olewa bawaba. Maji yaliwafika kiunoni. Walipita mita chache tu kutoka kwenye zahanati yetu. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao, ameshika kona ya nyuma, na aliponiona kando ya njia alinisalimia kwa adabu zake zote. Hakuninyooshea kidole. Nilitamani aninyooshee.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu wahamiaji wa Mexico, hasa wa jimbo la Zacatecas, ambao vyama vyao huko Marekani vilikuwa vikichangia miradi ya vijijini kwa muda mrefu. Ulibuniwa utaratibu ambao kila peso iliyotoka kwa wahamiaji iliongezwa moja na halmashauri, moja na jimbo na moja na serikali kuu, na mwaka 2002 ukawa mpango wa nchi nzima. Nao ulikuwa na kasoro zake. Lakini kilichonigusa ni kwamba yule atakayeuendesha mradi alikuwa mezani tangu siku ya kwanza, na fedha yake imo. Sisi tulikaa mezani peke yetu.

Baada ya zahanati nilinyamaza miaka mitatu. Nilitoka kwenye umoja, nikaacha kufuatilia siasa, nikawa natuma pesa bila neno. Mtu akiniuliza maoni yangu kuhusu nyumbani, nilijibu, "Waulize wanaoishi huko." Nilidhani huo ndio unyenyekevu.

Kazi yangu ni zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa muda mrefu karibu sote kwenye zamu hiyo tulikuwa tumezaliwa nchi nyingine. Kati ya saa nane na saa kumi, wazee wakiwa wamelala, tulikaa jikoni tukapiga soga. Hapo ndipo ile imani yangu ya pili ilipoanza kupasuka.

Mmoja alikuwa Mweritrea, mtu mzima kwangu. Mwaka 1993, akiwa tayari ughaibuni, alipiga kura katika kura ya maoni ya uhuru, ile ambayo Waeritrea walio nje nao waliitwa kushiriki, na karibu wote walisema ndiyo. Alivyokuwa akiisimulia siku ile, ungedhani ni ya jana: suti aliyovaa, watu waliokumbatiana nje ya kituo bila kujuana. Tangu hapo nchi yake haijafanya uchaguzi mkuu wa kitaifa hata mmoja. Kodi ya asilimia 2 ya mapato, inayotozwa walio nje, ameidaiwa miaka yote. "Wananihesabu wakitaka kunidai," alisema. Mnepali tuliyekuwa naye aliposikia hayo alicheka kwa uchungu. Kwao pesa zinazotumwa na wahamiaji ni zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa, na Mahakama ya Juu ya Nepal iliamuru mwaka 2018 kwamba utaratibu wa kuwawezesha walio nje kupiga kura uandaliwe. Miaka ikawa inapita, naye hajaiona karatasi.

Kulikuwa pia na msichana wa Ayalandi. Sheria ya kwao haimruhusu raia aliye nje kupiga kura akiwa huko aliko, ukiacha makundi machache kama wanadiplomasia, na aliyeondoka na ana nia ya kurudi hupewa miezi 18 tu ya kubaki kwenye daftari. Yeye alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla. Mei 2018, ilipokuja kura ya maoni ya kufuta marufuku ya utoaji mimba kwenye katiba yao, aliomba nibadilishane naye zamu, akapanda meli usiku, akapiga kura, akarudi kazini siku ya pili yake macho mekundu. Maelfu walifanya safari kama yake. Nilimuuliza kwa nini ajichoshe kwa sheria ya nchi asiyoishi. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. "Wadogo zangu wa kike wako kule," akasema, "na mimi nitarudi kuzaa kule."

Sikuwa nimefikiria hilo la kurudi. Tunazungumza kana kwamba aliyeondoka ameondoka milele. Wengi wetu tumeondoka nusu. Nimelipia kiwanja kule, nina mama kule, na nikifa nataka kuzikwa kule.

Lakini kilichonirudisha kabisa ni pasi. Ofisi ya ubalozi tuliyokuwa tukienda kuhuisha pasi zetu ilifungwa, tukaambiwa huduma itatolewa nchi ya jirani. Uamuzi ulipitishwa nyumbani, na watu ambao hautawagusa, na wala hatukuwa na mbunge wa kumpigia simu, kwa maana jimbo letu halipo. Pasi yangu ilikwisha muda nikiwa kwenye foleni ya miadi. Baba akafariki wiki hiyohiyo. Alizikwa nikitazama kwenye kioo cha simu, mdogo wangu ameishika juu kwa mkono, mkono ukichoka picha inashuka naona viatu vya watu. Tangu siku ile sikubali tena kuambiwa kwamba maamuzi ya nyumbani hayamfikii aliye nje.

Yuko Mwingereza mmoja, Harry Shindler, aliyenisaidia kuliona jambo hili kwa upana. Alipigana Italia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaja kuhamia hukohuko uzeeni. Sheria ya kwao ilimfutia kura raia aliyeishi nje zaidi ya miaka 15. Alikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashindwa mwaka 2013. Miaka mitatu baadaye Waingereza walipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, kura iliyogusa moja kwa moja haki ya watu kama yeye kuishi walipo, hakuruhusiwa kushiriki. Kikomo hicho kiliondolewa na sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2024. Shindler alikuwa amefariki Februari 2023, akiwa na miaka 101.

Kwa hiyo ndiyo, naamini tuwe na kauli. Ila nikisema hivyo namwona Mmoldova wetu, ambaye hakuwahi kutulia tangu Oktoba 2024. Nchi yake ilipiga kura ya maoni kuhusu kuliweka lengo la kujiunga na Umoja wa Ulaya kwenye katiba. Ndiyo ilishinda kwa asilimia 50.35, tofauti ya kura elfu kumi na kidogo. Ukihesabu waliopiga kura ndani ya nchi peke yao, Hapana ilikuwa mbele. Waliobadilisha matokeo ni walio nje, na yeye alikuwa mmoja wao, alipanga foleni kwa muda wa saa tatu kwenye baridi. Alifurahi siku nzima. Jioni shemeji yake aliyebaki kijijini akamwandikia: "Mmetuchagulia. Sasa njooni mkae nasi tuishi nayo." Alituonyesha ule ujumbe jikoni, simu ikapita mkono hadi mkono, hakuna aliyesema kitu. Yule shemeji hakuwa na haki yote, maana uamuzi ule unawahusu pia watakaorudi na watoto wao. Lakini hakukosea pia, nami nilimsikia mdogo wangu ndani ya maneno yale.

Na ipo hatari nyingine, kubwa kuliko ya hesabu. Nchi tunayoibeba kichwani ilisimama siku tuliyopanda ndege. Mimi nikifumba macho, bado naona soko lililokwisha bomolewa. Ahmed Chalabi aliondoka Iraq na familia yake miaka ya 1950 akiwa mvulana, akaishi nje miaka zaidi ya 40, akawa miongoni mwa waliohimiza sana Marekani iivamie nchi yake mwaka 2003. Wakubwa walimsikiliza kama mtu anayeijua Iraq. Uchaguzi wa Desemba 2005 ulipofika, chama chake hakikupata hata kiti kimoja. Simfananishi na mimi na kura ya mama yangu, ila ugonjwa naufahamu: kuisemea nchi uliyoikariri.

Ndiyo maana navutiwa na walivyofanya Cape Verde, visiwa ambavyo watu wake wengi wako nje. Bungeni kuna viti 72, na sita kati ya hivyo ni vya walio nje: viwili vya Afrika, viwili vya mabara ya Amerika, viwili vya Ulaya na kwingineko. Katika uchaguzi wa rais, katiba yao inasema kura zote za walio nje zisihesabike zaidi ya moja ya tano ya kura zilizopigwa ndani ya nchi. Zikizidi, zinapunguzwa uzito. Najua wapo wenzangu wanaoona huo ni tusi, kura ya mtu kuwa nusu kura. Mimi siuoni hivyo. Naona ni kama ndugu aliyehama nyumba ya baba: ana neno kwenye kikao, na neno lake linaandikwa, lakini wanaolala chini ya paa lile hawawezi kuzidiwa na wasiolala humo. Kwa mambo ya kata, maji, barabara, shule, ningependa tusipige kura kabisa. Hapo ukiwa hupo hujui.

Suala la watoto wetu ndilo linalonikosesha jibu. Italia ilitoa viti vya walio nje, vikaanza kujazwa mwaka 2006, na mwaka huohuo maseneta kutoka ng'ambo ndio waliompa Romano Prodi wingi wake mwembamba katika Seneti. Wakati huo uraia wa Kiitalia ulirithiwa bila kikomo cha vizazi, kwa hiyo mjukuu wa kitukuu wa mhamiaji angeweza kupiga kura bila kuikanyaga Italia. Mwaka 2025 wameibana sheria hiyo ya urithi. Binti yangu ana miaka 15. Husema "nchi yenu", kwa upole, bila ubaya wowote. Akifikisha 18 akitaka kura ya kule, nitamwambia akakae kwanza kwa bibi yake msimu mmoja, aamke saa tisa. Siwezi kuiandika hiyo iwe sheria. Ni ninavyohisi tu kama mama.

Nilirudi kwenye umoja mwaka juzi, kwa sharti moja, na walinikubalia baada ya mabishano makali: kila kikao kianze na mtu wa nyumbani, na asikatizwe. Kikao cha kwanza tuliweka simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Tulimwita mkunga wa ng'ambo ya mto, mama ambaye wengi wetu hatukumfahamu hata kwa jina. Alianza kwa kuuliza kama sisi ndio wenye lile jengo. Tukasema ndiyo. Akasema ameshawahi kulichungulia dirishani, ni jengo zuri, magodoro yake yangemfaa. Kisha akaanza kutaja vitu: taa, glavu, usafiri wa usiku, kivuko, muuguzi wa pili, na barua ya kwenda wilayani ambayo ameiandika mara tatu bila kujibiwa, na je, sisi wenye kalamu tunaweza kuiandika ya nne na kuisaini wote? Mwenyekiti alitaka kuingilia, mweka hazina akamgusa mkono. Yule mama alizungumza dakika 40. Mara mbili mtandao ulikatika, na mara zote mbili tulimpigia tena na kumwomba aendelee pale alipoishia.